Mashine pepe ya Linux ikigoma kuwaka: soma ujumbe kabla ya kununua kompyuta nyingine

OMBACI, Arua – Kwa mfanyabiashara wa Ombaci anayepeleka mzigo Koboko na kuvuka Oraba kuingia Sudan Kusini, au anayepitia Vurra kwenda soko la Ariwara nchini Congo, kompyuta ya ofisini ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni forodha. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilianza kutumia mfumo wa ASYCUDA World mwaka 2012, na tangu hapo matamko ya mizigo hupita kwenye kompyuta ya wakala. Kazi ya pili ni daftari la stoo, ankara na madeni ya wateja.

Tatizo ni kwamba kazi hizi mbili hazikai vizuri pamoja kila mara. Mawakala wengi wamezoea kufanya kazi za forodha kwenye Windows. Lakini baadhi ya programu za bure za kusimamia stoo na hesabu, kama ERPNext, hutengenezwa kwa ajili ya Linux. Mwenye kompyuta moja hawezi kufuta Windows, na hana haja ya kununua kompyuta ya pili. Suluhisho ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta ile ile. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni VirtualBox, nayo haina malipo kwa matumizi ya kawaida.

Mara nyingi kazi hukwama mwanzoni kabisa. Mtu anabonyeza kitufe cha kuanza, kioo kinabaki cheusi au linatokea andishi la Kiingereza, na Linux haifungiki. Hapo ndipo wengine huambiwa kompyuta imezeeka, wanunue nyingine. Wakati huo ankara zinaandikwa kwa mkono, idadi ya magunia kwenye karatasi haifanani na iliyo kwenye tamko, na lori linasimama mpakani huku dereva na utingo wakidai pesa ya chakula na malazi.

Ukweli ni kwamba sababu za kugoma ni chache, na nyingi hazihitaji hata shilingi moja. Muhimu ni kusoma ujumbe ulio kwenye kioo na kufuata mpangilio: kwanza yale yasiyo na gharama, mwisho yale yanayokula bando.

"No bootable medium found"

Ujumbe huu maana yake ni kwamba mashine pepe imewaka lakini haikukuta chochote cha kuanzia. Ni sawa na dereva aliyewasha gari bila kuambiwa aende wapi. Faili la usakinishaji, linaloishia na herufi ISO, halijawekwa. Matoleo mapya ya VirtualBox hufungua kidirisha kinachomtaka mtumiaji achague faili hilo.

Dawa yake ni kufungua mipangilio ya mashine pepe, kwenda sehemu ya "Storage", kuchagua alama ya diski ya CD na kuonyesha mahali faili la ISO lilipo. Faili likiwa kwenye flashi, ni vyema kulinakili kwanza ndani ya kompyuta. Flashi ikichomolewa, mashine pepe hailioni tena.

Ujumbe unaotaja VT-x au AMD-V

Huu ndio unaowafanya wengi wadhani kompyuta ni mbovu. Prosesa za Intel na AMD zina uwezo wa kubeba mashine pepe, lakini kwenye kompyuta nyingi uwezo huo huwa umezimwa. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 haifanyi kazi bila uwezo huo. Katika matoleo ya nyuma yake, dalili ilikuwa kwamba orodha inaonyesha Linux za biti 32 tu.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye Windows 10 au 11 fungua "Task Manager", nenda "Performance", kisha "CPU". Mstari wa "Virtualization" ukisema "Disabled", uwezo umezimwa. Zima kompyuta, iwashe na ubonyeze mara kadhaa kitufe cha kuingia BIOS. Kwa HP nyingi ni F10, kwa Dell ni F2, kwa Lenovo ni F1 au F2. Tafuta maneno "Virtualization Technology" kwa Intel au "SVM" kwa AMD, weka "Enabled", hifadhi na utoke. Kazi hii huchukua dakika tano.

Zipo pia kompyuta ambazo uwezo umewashwa lakini unashikiliwa na Hyper-V, programu ya Microsoft ya kazi hiyo hiyo. Anayetumia VirtualBox anaweza kuizima Hyper-V kwenye orodha ya "Windows Features" na kuwasha upya. Anayeamua kutumia Hyper-V yenyewe, akichagua mashine ya kizazi cha 2, abadilishe kigezo cha "Secure Boot" kiwe "Microsoft UEFI Certificate Authority". Kikibaki kile cha Windows, Linux hukataliwa mlangoni.

"This kernel requires an x86-64 CPU"

Hapa mashine pepe imeundwa kwa biti 32, lakini Linux iliyopakuliwa ni ya biti 64. Mara nyingi ni makosa ya kuchagua aina wakati wa kuunda. Badilisha aina iwe ya biti 64. Kama chaguo hilo halipo, rudi kwenye BIOS kama ilivyoelezwa hapo juu.

Ikiwa prosesa yenyewe ni ya zamani na ni ya biti 32 kweli, hapo ndipo fundi anaweza kusema kompyuta haifai. Ubuntu iliacha kutoa diski za biti 32 za kompyuta za mezani mwaka 2017, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32.

"Kernel panic" au kioo cheusi

Maneno "kernel panic" yakifuatwa na neno "memory", kumbukumbu ya RAM haitoshi. Ubuntu ya mezani inahitaji angalau gigabaiti 4. Kompyuta yenye gigabaiti 4 kwa jumla haiwezi kuibeba pamoja na Windows. Kwa kompyuta kama hiyo afadhali Debian isiyo na madirisha, inayotosheka na gigabaiti 1 wakati wa kusakinisha, ingawa programu ya stoo nayo itadai kumbukumbu yake baadaye. Kanuni ya kukumbuka ni kutoipa mashine pepe zaidi ya nusu ya RAM yote. Pia ipewe viini viwili vya prosesa, kwani baadhi ya Linux hukwama zikipewa kimoja.

Kioo kikibaki cheusi bila neno lolote, tatizo huwa ni picha. Weka "Graphics Controller" iwe VMSVGA na uongeze kumbukumbu ya picha. Ikishindikana, kwenye orodha ya kwanza ya kuwasha bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza F10.

Faili lililokatika njiani

Hili ni la mwisho kurekebisha kwa sababu ndilo ghali. Faili la Ubuntu ya mezani ni karibu gigabaiti 6. Mtandao ukikatika, faili linaweza kuonekana limekamilika kumbe lina pengo. Usakinishaji huweza kuanza vizuri halafu ukagoma katikati.

Kabla ya kupakua upya, lipimwe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike: certutil -hashfile jina.iso SHA256. Itatokea mistari ya herufi na tarakimu. Ilinganishwe na ile iliyotangazwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Zikifanana zote, faili ni zima na kosa liko kwingine. Ikitofautiana hata moja, faili halifai. Anayebana matumizi anaweza kuchukua diski ndogo ya Debian, isiyofika gigabaiti 1, ingawa nayo huvuta vitu vingine mtandaoni wakati wa kusakinisha.

Umeme

West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, kuanzia mwaka 2012, maporomoko ya Nyagak yenye uwezo wa megawati 3.5. Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024. Hata hivyo umeme unaweza kukatika mahali popote, na ukikatika usakinishaji ukiwa nusu, mashine pepe huwa haiwaki tena. Kuirekebisha ni kupoteza muda. Ifutwe pamoja na diski yake na ianzishwe upya, kwa kuwa faili la ISO bado lipo. Ni vyema kutumia laptopu yenye betri nzima au kifaa cha UPS.

Baada ya kumaliza

Usakinishaji ukikamilika na mashine ikirudi tena kwenye ukurasa wa kwanza wa kusakinisha, hakuna kilichoharibika. Faili la ISO bado limo. Liondolewe kwenye "Storage" na mashine iwashwe upya. Kisha ihifadhiwe nakala ya hali hiyo kwa kitufe cha "Snapshot", ili siku ikiharibika irudishwe kwa dakika chache. Daftari lenyewe linakiliwe kila jioni kwenye diski ya nje, kwa kuwa nakala iliyo ndani ya kompyuta hiyo hiyo hufa nayo.

Mwisho, kazi hii isifanywe siku ya kupakia. Ifanywe siku ambayo hakuna lori linalosubiri, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba hadi hesabu za pande zote mbili zilingane kwa wiki kadhaa. Ofisa wa forodha Oraba au Vurra hatauliza kama ankara ilitoka kwenye Linux au Windows. Atakachotazama ni kama idadi iliyoandikwa ndiyo iliyomo ndani ya lori.