Raketi ya Kwanza Iwe Inayokutii

Wazazi wanaoleta watoto wao kwangu kujifunza mpira wa meza huuliza swali lilelile: raketi ipi ni kali zaidi? Nami huwajibu kwamba anayeanza hahitaji raketi kali. Anahitaji raketi inayomtii.

Meza ina urefu wa mita 2.74 tu, na mpira wenyewe una uzito wa gramu 2.7. Katika nafasi hiyo ndogo, raketi yenye kasi huutoa mpira nje kabla mkono haujajua kuuelekeza. Mtoto akitoa mipira nje kila mara huanza kupiga kwa woga, na mkono uliozoea woga ni kazi kubwa kuurekebisha.

Raketi ni kibao na raba. Kanuni za kimataifa zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao asilia. Nafasi inayobaki ndiyo baadhi ya watengenezaji huitumia kuweka nyuzi za kaboni, ambazo hukikaza kibao na kuongeza kasi. Mwachie hizo mchezaji aliyekomaa. Wewe tafuta kibao cha mbao tupu, tabaka tano. Vibao vingi huandikwa alama: DEF ni cha kujihami, OFF ni cha kushambulia, ALL ni cha mchezo wa aina zote. Chukua ALL.

Raba iwe ile ya uso laini, vinundu vikiwa vimegeukia ndani, na chini yake pawe na sponji. Uwezo wa sponji ulionekana wazi mwaka 1952 mjini Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alipotwaa ubingwa wa dunia kwa raketi ya sponji nene. Leo raba na sponji yake kwa pamoja hazitakiwi kuzidi milimita 4. Kwa anayeanza, sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8 inamtosha kabisa.

Ukifika dukani, omba raketi itolewe kwenye pakiti. Itazame ubavuni: kati ya mbao na raba uione sponji. Kisha weka mpira juu ya kaunta na uupitishie raba kwa kuugusa tu. Mpira ukizunguka, raba inashika. Raba ikiteleza juu yake, imekauka au haifai, irudishe. Mwisho ishike mpini kama unayempa mtu mkono, kidole cha shahada kikilala ukingoni mwa raba. Mpini ukijaa mno kiganjani au ukichezacheza, jaribu mwingine.

Hakikisha pia upande mmoja ni mweusi na wa pili una rangi angavu, kama nyekundu. Ndivyo kanuni inavyotaka, ili mpinzani ajue umeupiga mpira kwa raba ipi.

Ukishainunua, itunze. Ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya mchezo, na usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwani joto huua raba upesi. Raba itachakaa na kubadilishwa, lakini kibao kizuri kitakaa nawe miaka.

Kwa hiyo mzazi, usimnunulie mwanao raketi ya bingwa. Mnunulie ya ALL, na fedha itakayobaki nunua mipira ya mazoezi. Mipira hiyo ndiyo itakayomfundisha.