Kibodi Moja, Kompyuta Mbili

Siku hizi si ajabu kukuta meza moja ya nyumbani ina kompyuta mbili: laptopu ya ofisi, ambayo mwajiri hataki uiwekee programu yoyote, na kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo watoto huisomea na mwenye nyumba huifanyia shughuli zake. Skrini kubwa ni moja, kibodi nzuri ni moja. Basi kila asubuhi na kila jioni nyaya zinachomolewa hapa na kuchomekwa pale, mpaka tundu la USB linalegea. Hapo ndipo watu huanza kuulizia swichi.

Kuulizia nako kuna mitego yake. Ukisema tu “nataka swichi”, muuzaji atakuletea ya mtandao, ile yenye matundu manane ya kebo za intaneti. Ukiongeza kwamba ni ya HDMI, huenda ukapewa splita, na splita hufanya kazi kinyume kabisa: huchukua picha ya kompyuta moja na kuipeleka kwenye skrini mbili. Unachokitaka kiko cha namna mbili. Swichi ya USB huhamisha vifaa vya USB peke yake: kibodi, mausi, kamera, spika. Swichi ya KVM huhamisha hivyo na skrini juu yake. Hii ya pili ilizaliwa kwenye vyumba vya seva, ambako mtu mmoja huhudumia mashine nyingi zisizo na skrini wala kibodi zake.

Kabla hujatoa hela, elewa jambo moja, maana mengine yote yanatoka humo. Kubonyeza kitufe cha swichi ya kawaida ni kuchomoa waya. Kompyuta unayoiacha inaona kibodi imeondoka. Ile unayohamia inaona kibodi ngeni imeingia, inaiuliza ni kifaa gani, inatafuta programu ya kukiendesha, ndipo inakikubali. Zile sekunde moja mbili za kusubiri, pamoja na mlio wa Windows, si ubovu. Ni utambulisho unaofanyika upya kila mara. Kwa sababu hiyohiyo, ukibonyeza wakati faili zinanakiliwa kwenye diski ya nje, umeichomoa diski bila kuitoa salama, na faili zinaweza kuharibika. Ukibonyeza katikati ya mkutano wa video, kamera inakatika, na mara nyingi programu ya mkutano haiirudii yenyewe hata ukirudi. Inabaki imeng’ang’ania kamera ya laptopu. Flashi na diski mimi siziweki kwenye swichi kabisa. Nazichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta inayozihitaji.

Swichi za bei ya juu hupunguza adha hiyo kwa kuigiza: huiambia kila kompyuta kwamba kibodi ipo muda wote, hivyo kuhama kunakuwa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba kinachoigizwa ni kibodi ya kawaida. Vitufe vya ziada, taa za rangi na vile vitufe vya ubavuni mwa mausi vinaweza kuacha kufanya kazi, na mtu akadhani mausi yake imekufa. Dawa ni kuhamisha kifaa kutoka kwenye tundu lenye alama ya kibodi au mausi kwenda kwenye tundu la USB la kawaida lililo kwenye swichi hiyohiyo. Utakachokosa ni njia ya kuhama kutoka kwenye kibodi yenyewe, kwa kubonyeza Scroll Lock mara mbili, na kibodi nyingi za sasa hata hazina Scroll Lock.

Skrini ndiyo yenye visa vingi. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, inayoieleza kompyuta skrini hiyo inaweza kuonyesha nini: upana, urefu, na picha hubadilika mara ngapi kwa sekunde (Hz). Ukihama kwa KVM ya bei nafuu, kompyuta inayoachwa haiioni tena EDID, kwa hiyo inaamini skrini imeondolewa. Madirisha yote yanakimbilia kwenye skrini ya laptopu yenyewe, na ukirudi unayakuta yamerundikana kona moja. EDID ikifika vibaya, kompyuta inabahatisha: maandishi yanavimba, picha inakuwa na ukungu, nawe unaanza kuilaumu kadi ya video. Swichi inayotunza EDID kwa niaba ya skrini huondoa tatizo hili. Soma karatasi ya maelezo. Kama neno hilo halimo, chukulia kwamba swichi haina uwezo huo.

Kwenye boksi pia utaona 4K imeandikwa kwa herufi kubwa, na 30Hz kwa herufi za kutafutia miwani. Hiyo ni HDMI 1.4, inayoishia hapo kwa picha ya 4K, na mausi itatembea kwa kusuasua. Picha ya 4K iliyotulia inataka 60Hz, yaani HDMI 2.0 yenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde, tena kwenye swichi, kebo zote mbili na kompyuta yenyewe. Lakini kama skrini yako ni ya 1920 kwa 1080, achana na hizo hesabu. Usilipie 4K usiyokuwa nayo.

Wenye kompyuta za mezani za mtumba wana lao. Nyingi zilizotoka maofisini Ulaya, kama Dell OptiPlex za miaka ya 2010 mwanzoni, zina matundu ya DisplayPort na VGA, HDMI hakuna. DisplayPort hufanana na HDMI kwa mbali, ila kichwa chake kimekatwa kona moja tu, na mara nyingi kina vijino viwili vinavyoshika ndani. Bonyeza kitufe kilicho juu ya kichwa kabla ya kuvuta, la sivyo utang’oa tundu zima. Kuna kebo rahisi yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande mwingine, nayo huenda njia moja tu: kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye swichi au skrini yenye HDMI. Ukiigeuza, utoke HDMI uingie kwenye skrini ya DisplayPort, utapata giza, na hakuna mpangilio wa kuubadilisha ukapata picha. Kwa laptopu zenye tundu la USB-C, hakikisha kwanza kwamba tundu hilo linatoa picha, kwa sababu si yote yanayotoa.

Ndiyo maana, kwa mtu wa kompyuta mbili na skrini moja, ushauri wangu huwa ni huu: nunua swichi ya USB tu, KVM iache dukani. Skrini nyingi zina matundu mawili au matatu ya picha. Chomeka kila kompyuta moja kwa moja kwenye skrini, kibodi na mausi zipite kwenye swichi. Utabonyeza vitufe viwili badala ya kimoja, cha swichi na cha skrini, lakini visa vya picha vilivyosababishwa na KVM umeviepuka. Anayeudhiwa na kitufe cha pili anaweza kuiamuru skrini kwa programu, kwa njia iitwayo DDC/CI: ddcutil kwa watu wa Linux, ControlMyMonitor kwa Windows. Ipo pia display-switch, ambayo husikiliza kibodi ikitoka au ikiingia, kisha ikageuza skrini yenyewe. Skrini nyingine hukataa amri inayotoka kwenye kompyuta isiyoonyeshwa wakati huo, kwa hiyo jaribu kabla ya kujisifu.

Printa iondoe kwenye mpango huu. Ikiwa ina Wi-Fi, kompyuta zote mbili zitaifikia bila swichi. Na ukihamisha swichi karatasi ikiwa nusu, kazi imeharibika.

Sasa umeme. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Swichi isiyo na adapta yake hula kutoka hapo na kugawa kwa vifaa vyote. Kibodi na mausi zitashiba. Ongeza kamera na taa za kibodi, na baadhi ya vifaa vitaanza kupotea na kurudi vyenyewe. Ikiwa swichi ina kitundu cha volti 5 pembeni, kitumie. Kuna na balaa la kinyume: swichi iliyotengenezwa ovyo hurudisha umeme kwenye kompyuta iliyozimwa. Umeme ukikatika nyumbani, laptopu inaendelea kwa betri, na kupitia swichi inailisha kompyuta ya mezani kidogokidogo. Umeme unarudi, mashine haiwaki, taa yake inafifia tu. Chomoa waya wa USB unaotoka kwenye swichi, subiri kidogo, washa. Ikiwaka, mharibifu umemjua, na kumbadilisha ni nafuu kuliko ubao mama.

Mausi isiyo na waya ikiruka-ruka, usikimbilie kununua betri. Nyaya na vifaa vya USB 3.0 hutoa mvurumo unaoingilia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na kipokezi cha mausi. Intel walilieleza hilo kwa maandishi mwaka 2012. Sogeza kipokezi kwa waya wa kurefushia, hata wa nusu mita, kiwe karibu na mkono.

Lolote likitokea, kwanza itoe swichi njiani: kibodi moja kwa moja kwenye kompyuta, skrini moja kwa moja kwenye kompyuta. Tatizo likibaki, swichi haina kosa. Likiondoka, irudishe swichi, kisha badilisha nyaya za kompyuta mbili zipishane kwenye matundu ya swichi. Kasoro ikibaki kwenye tundu lilelile, swichi ni mbovu. Ikiifuata kompyuta, tazama kebo au mipangilio ya kompyuta hiyo. Kwenye Windows, kompyuta inayopoteza kibodi baada ya kusinzia mara nyingi inazima matundu ya USB kuokoa umeme. Zima kipengele hicho. Hayo yote yasiposaidia, izime swichi na kuiwasha upya. Kuizima kwa kweli maana yake ni kutoa adapta na nyaya zote za USB na za picha, kwa sababu waya mmoja ukibaki unaweza kuilisha. Kisha rudisha skrini kwanza, halafu kompyuta moja moja.

Unapokwenda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, beba laptopu, kibodi unayoitumia na kebo zako. Mwombe muuzaji aichomeke hapo kaunta, uhame huku na huku mara kadhaa, uilaze laptopu na kuiamsha. Akikataa, duka la jirani lipo.