BIDHAA YAKO NI NZURI, ILA NANI ANAIJUA?

Wadau wa biashara mtandaoni, leo nawapeleka kwenye chesi. Usiondoke, inahusu duka lako.

Uganda wapo wachezaji kama Arthur Ssegwanyi na Elijah Emojong. Cheo chao cha kimataifa kiko hatua moja tu chini ya grandmasta, ambacho ndicho cha juu kabisa. Lakini muulize mtu asiyejua chesi akutajie mchezaji wa Uganda, atakwambia Phiona Mutesi. Cheo alichopata Phiona mwaka 2012 ni cha chini sana kuliko cha hao wenzake. Ila stori yake ilisimuliwa: binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa chesi na Robert Katende hapo hapo mtaani. Ikaandikiwa kitabu, na 2016 ikatoka filamu ya Disney, Lupita Nyong'o akiigiza kama mama yake.

Hata kwa magrandmasta ni hivyo hivyo. Magnus Carlsen wa Norway alikuwa bingwa wa dunia 2013 hadi 2023. Hikaru Nakamura wa Marekani hajawahi kuubeba huo ubingwa, lakini YouTube ana wafuasi wengi kumpita Carlsen. Kwa nini? Anaingia laivu mara kwa mara, anacheza huku anaongea, anaeleza kwa nini kasogeza kete ile. Na Levy Rozman, ambaye sio grandmasta, kawapita wote wawili. Yeye anafundisha wanaoanza.

Sasa mimi. Nauza asali hapa Tabora. Zamani nilikuwa naposti picha ya chupa na maneno "asali bora", basi. Siku moja mteja wa Dar akaniandikia: asali imeganda, umeweka sukari. Nikamjibu kwa hasira. Nikampoteza yeye na rafiki zake.

Baadaye nikarekodi video fupi: asali halisi nayo huganda, hasa kwenye baridi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, sio yanayochemka, itayeyuka. Video hiyo imeniletea oda kuliko picha zangu zote.

Kwa hiyo:

1. Simulia bidhaa inatoka wapi na nani kaitengeneza.
2. Onekana kila wiki, sio ukiwa na mzigo mpya tu.
3. Jibu swali la mteja mgeni bila kumdharau. Swali lake ndiyo posti yako ya kesho.

Hata Tabora yetu, pembe nyingi za ndovu zilizopita hapa enzi za misafara zilitoka mbali zaidi. Jina likavuma mpaka Bagamoyo kwa sababu njia zilikutana hapa na watu walipita hapa. Kaa wanapopita watu.

Ila angalizo: Nakamura alikuwa grandmasta tangu 2003, akiwa na miaka 15. Uwezo ulitangulia, wafuasi wakaja baadaye. Ukijulikana na mzigo wako ni mbovu, umejitangazia ubovu.

Wewe wateja wako wanakuuliza swali gani kila siku? Liandike hapo chini, kisha kalirekodie video leo.