Jino Likizibwa, Litashika Miaka Mingapi?

Igamba, wilayani Mbozi, ni nchi ya kahawa na mahindi, juu kwenye uwanda wa mkoa wa Songwe. Kama ilivyo vijijini kwetu kwingi, jino likianza kuuma mtu huvumilia, hutafunia upande mmoja, hununua dawa ya maumivu dukani, na mwisho huenda kung'oa. Kuziba huonekana ni mambo ya mjini, ya kiti cha umeme na mashine inayolia. Na anayefikiria kuziba huuliza swali la haki kabisa: nikilipa leo, litashika hadi lini?

Inategemea kinachoshikwa. Tabaka gumu la nje la jino, enameli, ni madini kwa takribani asilimia 96. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, aliipaka enameli asidi ya fosforasi kwa nusu dakika, akaiosha na kuikausha, kisha akaweka plastiki. Asidi ilikuwa imechimba vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho; plastiki ikapenya humo na kukazana. Mshiko wa enameli hauna shida kubwa mpaka leo.

Shida iko chini yake, kwenye dentini. Hii ina maji, ina nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, na imejaa mirija myembamba inayotoa majimaji kutoka kwenye kiini cha jino. Katika njia inayotumika sana, asidi huondoa madini na kuziacha nyuzi wazi, resini, yaani ile plastiki, huingia katikati yake, kisha hugandishwa kwa mwanga wa taa. Nobuo Nakabayashi wa Japani alilieleza tabaka hilo la mchanganyiko mwaka 1982. Siku ya kwanza linashika kwelikweli. Lakini resini haifiki kila mahali. Nyuzi zilizobaki bila kufunikwa hulowa, na vimeng'enya vilivyokuwa vimelala ndani ya dentini yenyewe, vikiisha kuamshwa na ile asidi, huanza kuzila. Maji nayo huivunja resini taratibu. Katika vipimo vya maabara mshiko huo unaweza kushuka waziwazi ndani ya miezi 6 hadi 12. Isitoshe, kazi yote hiyo inadai umeme na jino lililo kavu. Mate yakigusa mahali palipokwisha kuandaliwa, inabidi kuanza upya.

Ndiyo maana napenda kuwakumbusha watu wa Songwe kwamba jibu jingine lilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Morogoro, daktari Mholanzi Jo Frencken alikuwa akitibu watu mahali pasipo na umeme. Aliacha mashine, akachukua vifaa vya mkono tu, akakwangua sehemu iliyolainika kwa kuoza na kuziba kwa simenti inayogandana yenyewe na jino. Baadaye simenti iliyozoeleka ikawa glasi ayonoma, iliyobuniwa na Alan Wilson na Brian Kent katika maabara ya Mkemia wa Serikali jijini London. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Leo inajulikana kwa kifupi kama ART.

Glasi ayonoma ni unga wa kioo unaokorogwa na asidi. Asidi hiyo hushikana kikemia na kalsiamu ya jino, na unyevu kidogo wa dentini hauiharibu. Ukiipima kwa nguvu ya kuvuta, resini inaishinda kwa mbali. Lakini mara nyingi glasi ayonoma inapoachia, huvunjika yenyewe katikati, na utando wake hubaki umeng'ang'ania jino.

Kila kitu kiko kwenye mkono wa tabibu. Kijiko cha unga husawazishwa, hakirundikwi. Tone la maji yake hudondoshwa chupa ikiwa wima. Mchanganyiko lazima uwekwe ungali unang'aa, kwa sababu mng'ao huo ndio ishara kwamba bado kuna asidi huru ya kushika jino. Ukishafifia, umechelewa. Kisha kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini hukandamiza, na mgonjwa hukaa saa nzima bila kula. Joto nalo lina neno: kwenye baridi ya Juni pale Igamba simenti hukawia kuganda, ilhali huko chini Kamsamba, kwenye bonde la Rukwa, tabibu huyo huyo atalazimika kuharakisha.

Sasa miaka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 80 ya vizibo vya ART vya uso mmoja kwenye meno ya ukubwani vilikuwa bado vizima baada ya miaka 5. Kwa meno ya utotoni, baada ya miaka 2, uso mmoja ulifikia asilimia 93, lakini shimo lililovuka nyuso mbili au zaidi lilishuka hadi 62. Kwa hiyo linaloamua zaidi ni ukubwa wa shimo siku mgonjwa anapofika, na hapo ndipo uvumilivu wetu unapotuumiza.

Amalgamu, ile dawa ya kuzibia meno yenye zebaki, haikuhitaji kushikana na jino. Ilikwama tu ndani ya shimo lililochongwa kwa kupanuliwa chini. Lakini mwezi Novemba 2025, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana matumizi yake yakome ifikapo 2034. Mkoa wenye wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoijua zebaki kwa karibu hauna haja ya kuisikitikia. Baada ya hapo, kituo cha afya cha kijijini kitategemea vitu vinavyogandana na jino, na unga wa simenti unapaswa kuagizwa pamoja na sindano za ganzi, si ganzi na koleo peke yake.

Hata simenti ikimong'onyoka mwaka wa sita, mabaki yake kwenye mikunjo ya jino huendelea kuzuia uozo usiingie, na tabibu anaweza kuongeza nyingine juu yake kwa vifaa vile vile.