Kipeo hasi kisikutishe



Juzi mtoto wa dada yangu alinipigia simu toka Jeddah, mie nipo Riyadh, sauti yake ya kilio kabisa. Ana mtihani wa hesabu baada ya siku 2 na mlinganyo huu umemshinda (alama ^ naitumia kwa kipeo):

2x^-2 + 5x^-1 - 3 = 0

Nikamwuliza, "5^-1 ni ngapi?" Akajibu, "Hasi 5, mjomba." Basi ugonjwa uko hapo. Hasi iliyo kwenye kipeo haiifanyi namba kuwa hasi, inaipindua tu: 5^-1 ni 1/5. Nikampa mfano wa safari anayoijua. Riyadh hadi Jeddah kwa gari ni kama kilometa 950. Ukienda kilometa 95 kwa saa, muda wako ni 950 mara 95^-1, yaani saa 10. Kuna saa hasi hapo? Akacheka.

(Tena mambo haya si ya Wazungu. Karne ya 12 as-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad, alikwishapanga jedwali la vipeo: x, x^2, x^3 upande mmoja, na 1/x, 1/x^2 upande wa pili.)

Sasa tazama: x^-2 ni x^-1 mara yenyewe. Kwa hiyo x^-1 tuiite y:

2y^2 + 5y - 3 = 0
(2y - 1)(y + 3) = 0
y = 1/2 au y = -3

Wengi huweka kalamu chini hapa, na maksi zinakwenda. Tumeulizwa x, sio y! Pindua: x = 2 au x = -1/3. Hakikisha kwa 2: 2/4 + 5/2 - 3 = 0. Kwa -1/3: 18 - 15 - 3 = 0. Sawa.

Kuna na mtego. Katika x^-2 - 4x^-1 = 0 utapata y = 0 au y = 4. Hiyo 0 itupe, maana hakuna namba ambayo ukigawanya 1 kwayo unapata 0. Jibu ni 1/4 peke yake.

Usiku nikamtumia 3x^-2 - 2x^-1 - 1 = 0 afanye mwenyewe. Akarudisha: "1 na -1/3." Nikamwuliza, "Hizo ni x?" Kimya kidogo. "Aa, mjomba! 1 na -3."