Usitupe CD za mzee kabla hujaokoa ngoma

Unahama kwa wazazi kuingia bedsitter, au nyumba inapakwa rangi, na ghafla kuna katoni tatu za CD ambazo hakuna anayezitaka. Kipakatalishi chako hakina hata pa kuziingiza. Rahisi ni kumpa mwokota taka na kujiambia ati siku hizi kila kitu kiko mtandaoni.

Wapi! Za Michael Jackson ziko, hata usihangaike nazo. Lakini kwaya ya mtaa iliyorekodi River Road, bendi ya benga iliyosambaratika, miksi ya DJ wa matatu, harusi ya shangazi? Hizo huenda zimebaki kwenye katoni hiyo pekee. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuchambua, mashine baadaye. Tafuta kila albamu mtandaoni. Ukiipata nzima, iweke kando. Usipoipata, hiyo ndiyo ya kuokoa leo.

Nasema leo kwa sababu. CD ya kiwandani hudumu miaka mingi ikitunzwa vizuri. Ile ya ku-burn nyumbani au kwa kibanda cha mtaani huhifadhi muziki kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa mwanga na joto. Iliyokaa dirishani au kwenye dashibodi ya gari, ombea. Jambo jingine wengi hawajui: muziki uko karibu zaidi na upande wenye maandishi. Mkwaruzo wa chini mara nyingine husafishika, lakini wa juu ukifika ndani, ngoma imeenda. Futa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Vifaa si vingi. Unahitaji kisomaji cha CD cha nje kinachochomekwa kwa USB, na kama hutaki kununua, azima kwa mwenye cyber. Programu kama Exact Audio Copy na fre:ac ni za bure. Watu hubishana sana kuhusu aina ya faili. CD ya saa moja ikihifadhiwa kwa FLAC, ambayo haipotezi sauti yoyote, hula takriban MB 350. Kwa MP3 ya kiwango cha 320 ni kama MB 144. CD 300 basi ni GB 105 au GB 43. Mimi ningechagua FLAC kwa zile adimu, kwani MP3 unaweza kuitoa kwenye FLAC wakati wowote, ila sauti iliyokatwa na MP3 hairudi.

Muda ndio utakuuma. Kila CD ikichukua dakika nane, 300 ni saa 40. Fanya tano au sita kila jioni ukiosha vyombo.

Halafu kuna majina. CD nyingi hazibebi majina ya nyimbo ndani yake. Programu huangalia idadi ya nyimbo na urefu wa kila moja, kisha inauliza hifadhi ya mtandaoni kama MusicBrainz ni albamu gani. Ya mzungu itajibiwa mara moja. Kwaya ya Kayole itakuja kama “Track 01” hadi “Track 12”, na usipoandika majina mwenyewe, baada ya mwaka hutajua umehifadhi nini. Mpigie mama, mwimbie kidogo, atakumbuka. Piga picha za kava pia, mbele na nyuma. Jina la produsa, mpiga gita la solo na mwaka wa kurekodi mara nyingi yameandikwa hapo tu.

Ukimaliza, usiache kila kitu kwenye flashi moja inayoning'inia kwa funguo. Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine mahali tofauti, kwa nyumba ya ndugu au mtandaoni. Simu huibwa, diski huanguka.

Sasa punguza. Kava za plastiki ndizo hula nafasi; CD zenyewe, hata mia, hutoshea kwenye mkoba mmoja wa zipu. Zile adimu baki nazo hata baada ya kunakili. Zinazopatikana kila mahali uza au gawa, ila ukiuza CD huku umebaki na nakala yake, msanii hapati kitu kwako wala kwa mnunuzi. Na usizipakie mtandaoni ati unasaidia. Mwenye kazi akiwa hai, mtafute. Pengine hata yeye hana nakala.

Zilizokufa kabisa mpelekee shosho ushago. Huzifunga kwa uzi juu ya mtama, zikimetameta kwa jua na upepo, na ndege hukaa mbali.