Karani wa Kale na Herufi Moja ya Kilatini

Anayetoka Namakwekwe, mjini Mbale, kwenda Moroto hupita hifadhi ya Pian Upe. Akibahatika, ataona ndege mwenye miguu mirefu akitembea nyasini kwa madaha, manyoya meusi yakining'inia kisogoni kama kalamu zilizochomekwa nyuma ya sikio. Huyo ni karani tamba. Ni wa ukoo wa tai na mwewe, ila mawindo yake huyafuata kwa miguu, na nyoka humuua kwa mateke.

Alikuwa na jamaa wa kale. Mwaka 2003 Mfaransa Cécile Mourer-Chauviré, mtaalamu wa visukuku vya ndege, alimtangaza karani aliyetoweka, kutokana na mifupa ya Arrisdrift, Namibia, yenye umri wa miaka milioni 17 hivi. Alimwita Amanuensis pickfordi. Neno la kwanza ni Kilatini, na maana yake ni karani yuleyule! La pili ni la Martin Pickford, mwanajiolojia aliyechimba Arrisdrift na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichimbua pia Napak na Moroto, huko Karamoja.

Kwa adabu ya fani hiyo, mtu hajipi jina lake mwenyewe. Hungoja wenzake wamkumbuke. Mwanamume huongezewa i mwishoni, mwanamke ae. Ndiyo maana katika taarifa ileile kuna ndege mwingine, Namibiavis senutae, wa Brigitte Senut, mwenzake Pickford katika machimbo hayo na katika kutangaza Orrorin, jamaa wa kale wa binadamu kutoka Baringo, mwaka 2001.

Huyu wa Senut alihamishwa ukoo. Mwaka 2011 wataalamu watatu, Mourer-Chauviré mwenyewe akiwa miongoni mwao, waliipima upya mifupa yake wakamkuta ni jamaa wa hoatzini, ndege mla majani wa misitu ya Amazon. Jina halikuguswa: likishatangazwa kwa kufuata kanuni, hubaki hata ukoo ukibadilika.

Na wanaookota mifupa yenyewe juani? Mkenya Kamoya Kimeu, ambaye jicho lake lilikuwa halipitwi na kitu, hakupewa ndege. Alipewa nyani wa kale mwaka 1982, kisha sokwe wa kale wa Turkana, Kamoyapithecus, mwaka 1995. Yule nyani anaitwa Cercopithecoides kimeui: i ya Kilatini imebandikwa juu ya u ya Kikamba.